Tunaenda Kukimbia Wamaza

Tangu nirudi, hakuna anayeingia dukani kwangu kununua kitenge tu. Anashika kitambaa, anauliza bei anayoijua, halafu anainamia meza na kunong'ona: "Mama Mashaka, ni kweli mulikimbiza kijiji kizima?"

Uongo! Hatukukimbiza kijiji kizima. Ni nyumba za pembeni tu, upande wa mashamba. Lakini katika nyumba zile kulikuwa na mwanamke mmoja, Feza, aliyejifungua juzijuzi. Kitovu cha mtoto wake kilikuwa hakijaanguka. Feza alilala porini na mtoto huyo, mvua ikinyesha, kwa sababu ya neno lililotoka kinywani mwetu. Hilo ndilo lililonikaba roho, na nataka mlisikie kwangu mwenyewe, si kwa wale wa sokoni ambao hata maji wanayatia chumvi.

Na kabla hamjaanza kucheka: jina la Mashaka mlinipa ninyi. Kwa sababu naangalia chini ya kitanda kabla ya kulala, na sili samaki wa mtu nisiyemjua. Sawa. Sijakataa.

Kasongo mpaka njia ya vumbi

Mnajua kikundi chetu cha asubuhi, wale mnaotuona tukipita na jasho wakati ninyi bado mnapiga miayo. Watu wa Wamaza walitualika kwenye mbio zao: wanaume, wanawake, wazee, kila mwenye miguu. Hakuna kombe. Mnamaliza, mnakula pamoja, basi. Wenyewe wanaziita kurse, kama walivyozoea kusema kwa Kifaransa.

Mdogo wangu Sefu, fundi wa baiskeli, neno hilo lilimkera kuliko jiwe ndani ya kiatu. Sefu anaamini kwamba Mungu alipogawa Kiswahili katika Congo hii, alianzia Kasongo na akaishia Kasongo. "Yaya," akaniambia mimi dada yake, "kurse ni nini? Sisi watu ya Kasongo tuko na neno letu. Kukimbia! Mutu akituuliza, tunaenda kukimbia." Nikamwambia haya, sema unavyotaka. Sikuona ubaya wowote, mimi ninayeona ubaya mahali pote.

Wenzetu watatu walikuja kwa baiskeli, taratibu, wakatuachia tutangulie. Mimi na Sefu tulipanda pikipiki ya kijana mmoja, Kitenge, mwenyeji wa Kabambare. Tangu alipofika mlangoni sikumpenda, kwa sababu alikuwa mpole mno. Dereva wa kweli anagombana na wewe kuhusu mzigo, anakulaumu umekula sana. Huyu alifunga mfuko wangu kwa kamba, akasema "aksanti mama," akanyamaza. Nikajisemea, mtu wa namna hii ana lake jambo.

Njiani akawa anasimama. Mara amsalimie mwenye mbuzi, mara mwenye gunia la makaa. Wanaongea Kibangubangu, wananiangalia, wanacheka. Nikamfinya Sefu: "Wanasema nini?" Sefu hajui Kibangubangu, lakini si mtu wa kukubali kwamba kuna lugha asiyoijua. Akasema wanaongea hali ya hewa. Hali ya hewa gani inachekesha hivyo?

Aliposimama mara ya tatu nikashindwa kuvumilia. "Kitenge! Mimi ni mtu mzima. Mulikuwa munasema nini na yule?"

Akazima pikipiki kwa heshima. "Mama, aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba watu wanaotoka mbali kwenda kuchoka."

Sefu akacheka mpaka akashuka chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nafikiria kama hilo ndilo jibu lote.

Mtoni

Daraja lilikuwa limekwenda na maji. Yalibaki magogo mawili, moja upande huu, moja upande ule, kama watu waliogombana. Kulikuwa na mzee wa mtumbwi, amekaa juu ya kasia lake, anakula muhogo wa kuchoma. Alituangalia sisi, akaangalia mfuko wangu, halafu akaiangalia njia nyuma yetu kwa muda mrefu. Hilo la kuangalia nyuma yetu nililiona.

"Munaenda wapi, wanangu?"

"Wamaza, baba," Sefu akajibu kwa Kiswahili chake cha kupiga pasi. "Tunaenda kukimbia."

Mzee akaacha kutafuna. "Munakimbia nani?"

"Hatukimbii mutu, baba. Tunakimbia tu."

"Mutu hakimbii tu."

"Sisi tunakimbia kila siku."

"Kila siku!" Mzee akasimama. "Na hawa munaowakimbia, wako mbali?"

"Wenzetu? Wako nyuma, wanakuja," akasema Sefu, akifikiri ameulizwa habari za baiskeli.

Mzee hakuuliza tena. Alituvusha haraka, pikipiki imelala katikati ya mtumbwi, na Kitenge akiishika kama anashika ng'ombe wa kuchinja. Tulipofika ng'ambo, mzee aliuvuta mtumbwi mpaka kwenye matete, akaufunga, akaufunika na majani, akaanza kupanda kilima bila kwaheri.

"Umeona?" nikamwambia Sefu. "Yule mzee ni mwizi. Anaficha mtumbwi ili wenzetu wakwame, halafu awatoze mara mbili."

"Yaya, wewe unaonaka wizi kila mahali."

Nilijiona nina haki kabisa. Na kweli wenzetu walikwama pale siku nzima. Niliona sawasawa kila kitu isipokuwa sababu.

Lusangi, sufuria juu ya moto

Tulifika Lusangi jua likiwa kichwani na tumbo likiwa mgongoni. Kando ya njia kulikuwa na kibanda cha mabati, benchi mbili, na mama mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani. Wachimba dhahabu waliokuwa wakitoka walimuita Mama Feza. Alitupakulia wali na sombe, yale majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese, ikanukia mpaka ukasikia mate yakija yenyewe. Pilipili akaiweka pembeni, juu ya jani. Kitenge akaenda kutafuta mafuta.

Nikaanza kula. Lakini mama yule alikuwa anatuangalia. Si kuangalia kwa mwenye biashara, anayetazama kama sahani imeisha. Alikuwa anatupima.

"Nyinyi si watu ya hapa," akasema.

"Hapana mama, sisi ni wa Kasongo," Sefu akajibu, mdomo umejaa.

"Na munaenda?"

"Wamaza. Tunaenda kukimbia Wamaza."

Kijiko chake kikasimama hewani. "Watu ya Kasongo munakimbia?"

"Ndiyo, mama. Wengine wako nyuma, sijui kwa nini wamechelewa."

"Wengi?"

"Ah, mwaka huu tuko wachache. Mwaka kesho, Mungu akipenda, Kasongo yote itakimbia!"

Mnaosoma hapa mnacheka sasa, kwa sababu mnajua. Mimi nilikuwa pale, nikayasikia maneno yote kwa masikio yangu mawili, na nikaona kosa kwa mama tu. Kwa nini anauliza kama ni wengi? Kwa nini anataka kujua wako wapi? Nikakumbuka hadithi zote za wasafiri walioulizwa maswali ya upole mahali pa kula, kisha wakavuliwa nguo kwenye kona.

Halafu Mama Feza akafungua kitambaa chake kiunoni, akakifunga tena kwa nguvu, akatoka mbio nyuma ya kibanda. Aliacha sufuria juu ya moto. Wali ulianza kuungua, harufu ikatufikia, na hakurudi.

Sasa niambieni ninyi: mama anayeuza chakula anaacha wali uungue? Huyo kuna mtu ameenda kumuita!

"Sefu, inuka."

"Yaya, sijamaliza."

"Inuka nakuambia! Yule mwanamke ametuuza."

Niliweka pesa juu ya benchi, nikamkamata mkono, tukaondoka sahani zikiwa nusu. Kitenge tulimkuta njiani na chupa yake ya mafuta. Nikamwambia washa, washa, usiulize. Sikutazama nyuma. Kumbe mwenye kibanda cha jirani alikuwa mlangoni, ameshika kiuno, anatuona tukitoka bila kumaliza chakula, kama watu waliosikia mlio wa risasi.

Njia ya Wamaza

Hatukwenda mbali. Pikipiki nyingine ikaja nyuma yetu kwa fujo, kijana yuko peke yake, mgongo umeinama. Alipotufikia alipunguza mwendo, akatuangalia usoni mmoja mmoja. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi. Hakusalimia. Akaondoka kama risasi, vumbi lote akatuachia sisi.

"Huyo," nikasema, "ameenda kuwaambia wenzake tuko wapi."

Safari hii hata Sefu hakunibishia. Nikaamuru tusimame. Tukaiingiza pikipiki kwenye majani marefu, tukakaa kimya, mimi nikisoma kila dua ninayoijua na nyingine nusunusu. Siafu wakanipanda. Sefu aliumwa mahali ambapo siwezi kupasema hapa, akaziba mdomo wake kwa mkono. Kitenge alichuchumaa kando yetu, mpole kama kawaida, akauliza taratibu: "Mama, tunamukimbia nani?"

Nikamwambia anyamaze.

Tulipotoka, jua lilikuwa limeegemea na mawingu yakikusanyika. Hakuna mtu aliyetuteka. Njia ilikuwa tupu, na utupu ule haukunipendeza. Kwa kawaida saa zile wanawake wanatoka shambani na kuni kichwani, watoto wanapiga kelele. Tulipita nyumba za kwanza za Wamaza: mlango umefungwa, mlango umefungwa. Kuku wanatembea wenyewe. Mahali pamoja moto ulikuwa unawaka chini ya chungu, na hapakuwa na mtu.

"Wamesikia tunakuja," Sefu akajaribu kutania, "wakaona hawatuwezi."

Hakuna aliyecheka. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, wenyeji wakakimbia.

Wamaza, katikati ya watu

Sentre, pale katikati ya kijiji, ilikuwa na watu. Wengi, wamesimama, wanaongea wote kwa pamoja. Katikati alikuwa Papa Kalonda, mwenye kuandaa mbio, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni. Na kando yake, pikipiki imelala chini, alikuwa kijana yule mwenye macho mekundu.

"Njo hawa!" akapiga kelele, akitunyooshea kidole. "Njo hawa niliwaambia!"

Nikasema, Mama Mashaka, leo umefika. Watu wakatuzunguka. Mmoja akaushika mfuko wangu, mwingine akauliza tumeacha nini Kasongo, mwingine akasema hawa ni wapelelezi, waulizeni wengine wako wapi. Papa Kalonda akapiga filimbi.

"Polepole! Wageni, mimi njo niliwaita, nawajua. Lakini niambieni neno kwa neno. Pale Lusangi, mulimwambia mama yule nini?"

Sefu akajinyoosha na kurudia, neno kwa neno, kwa Kiswahili safi: "Sisi ni watu wa Kasongo. Tunaenda kukimbia Wamaza. Wengine wako nyuma."

Ndipo na mimi, kwa mara ya kwanza, nikayasikia maneno yale kwa masikio ya mtu wa pale. Mtu ambaye kukimbia kwake ni kufunga godoro, kubeba mtoto, na kuacha mbuzi.

Papa Kalonda alijifunika uso. Mabega yakaanza kutikisika, kumbe anacheka, na watu wote wakacheka naye. "Hapa tunasemaka kurse!" akasema akifuta machozi. "Kukimbia ni ingine! Kukimbia tunaijua sana!"

Lakini bibi mmoja hakuridhika. "Na chakula?" akauliza. "Mutu wa kurse anaacha chakula? Huyu kijana Dunia anasema waliacha sahani na kutoroka."

Wote wakanigeukia. Nikasema ukweli, ningefanya nini? "Tulimuogopa mama."

"Mulimuogopa mama anayeuza sombe?"

"Alituangalia sana."

Wakacheka tena, zaidi. Kijana wa pikipiki peke yake hakucheka. Ndiye Dunia, mtoto wa mdogo wa kike wa Mama Feza. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika kichwa.

"Mama mukubwa alinituma kwa binti yake, Feza," akasema. "Bwana yake iko kwenye machimbo, Feza iko peke yake na mutoto. Nikapita kwake kwanza, kwa nyumba za pembeni. Nikamwambia watu ya Kasongo wanakimbia, ondoka. Akabeba mutoto akaingia porini. Majirani wakamufuata. Mutoto kitovu hakijaanguka. Na hii mvua inakuja."

Kicheko kilikatika. Mzazi yule hakutakiwa hata kutoka nje ya kizingiti. Sefu alikaa chini palepale kwenye udongo, na Kiswahili chake chote kikamuishia.

Wanaume walikwenda kuita kabla giza halijaingia. "Feza! Rudini! Hakuna kitu!" Walirudi peke yao. Mke wa Papa Kalonda akanieleza bila kunificha: watu wa huku walishawahi kuitwa hivyo, kwa majina yao, na watu ambao hawakuwa wema. Mwanaume akikuita porini, unaingia ndani zaidi. Kisha mvua ikaja. Nililala nikiisikiliza juu ya mabati, na kila tone lilikuwa la mtoto yule.

Porini

Asubuhi Papa Kalonda alikataa kuanzisha mbio. "Wakisikia filimbi na miguu ya watu, hawa wataenda mpaka Tanganyika."

Tukaenda kutafuta: mimi, Sefu, Kitenge, Dunia na wengine wachache. Sefu alikuwa na haraka ya mwenye kosa. Tulipofika kwenye mihogo tukawaona wanawake wawili wanatoka, wamelowa, vifurushi kichwani, mmoja mzee kidogo. Sefu akafurahi, maskini, akawakimbilia mikono juu: "Mama! Mama! Ngojeni!"

Walitupa vifurushi, wakapotea.

"Wee!" Dunia akamfokea. "Unawakimbiza tena?"

Sefu alibaki kasimama katikati ya njia na viatu vyake vya mbio, machozi yanamtoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulikuwa tunawatikisia ung'ongo usoni.

Nikajiuliza. Mimi, Mama Mashaka, ningekuwa ndiye niliyejificha humu, nani angenitoa? Si mwanaume, hata angelia. Si mtu anayeliita jina langu, maana jina langu kalijulia wapi? Si anayekimbia. Si anayenyata pia, huyo ni mbaya zaidi. Labda mwanamke, yuko peke yake, ana mzigo wake kichwani, ananung'unika kuhusu njia. Anayenung'unika hana mpango na wewe.

Nikarudi kwa mke wa Papa Kalonda, akanipa sufuria ya uji wa moto. Nikajitwika. Nikavaa kitenge kikavu juu ya kingine. Wanaume nikawaambia wakae, asiyekaa nitamlaani. Nikaingia njia ya mashambani polepole, nikaanza kazi ninayoiweza kuliko zote.

"Njia gani hii! Matope mpaka magoti! Na uji huu unanichoma shingo, sijui nani ataunywa, mimi mwenyewe siupendi! Mguu wangu! Nani ameacha kisiki hapa?"

Nilinung'unika kupita mihogo, nikapita migomba, nikavuka kijito, nikapandisha kidogo. Mbele kulikuwa na gogo kubwa limeanguka, majani yamesimama vibaya upande mmoja. Nikasimama.

"Hodi!"

Ndege tu.

"Hodi hapa!"

"Nani anapiga hodi porini?" Sauti ya kike, ya chini.

"Ni mimi. Mulango siuoni, njo maana nimesimama."

"Unatoka wapi?"

"Kasongo." Majani yakatikisika, akawa anaondoka. Nikaona nimeharibu. "Usiende, mwanangu! Nina uji, na shingo inaniuma kweli!"

"Watu ya Kasongo wanakimbia. Dunia aliniambia. Waliacha chakula kwa mama."

"Chakula kile ni changu. Mimi njo nilikiacha."

Nikamsikia akipumua. Halafu akaniuliza kwa ukali, kama askari wa bariere, kile kizuizi cha njiani: "Mama yangu alikupikia nini?"

Hapo nikampenda. Huyu ni wa ukoo wangu, nikasema moyoni.

"Wali na sombe ya mawese. Pilipili aliweka pembeni kwenye jani. Sikuigusa, kwa sababu sikumuamini."

"Kwa nini hukumuamini?"

"Alikuwa ananiangalia sana."

Nikasikia kicheko kidogo nyuma ya gogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama anaangaliaka watu wote vile," akasema, akatoka.

Alikuwa msichana tu. Kitenge chake kimelowa, miguu imechanwa na miiba, na kifuani kitu kidogo kimefungwa mara tatu. Nikatua uji, nikavua kitenge kikavu, nikampokea mtoto. Alikuwa baridi, jamani. Nilimweka ndani ya nguo zangu, ngozi kwa ngozi, nikamsugua mgongo, nikalia wazi bila aibu yoyote. Baadaye akaanza kutafuta ziwa kwenye kifua changu kisicho na kitu, akakasirika, akapiga kelele. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Feza alikunywa uji akiwa amesimama, macho kwenye njia.

"Sasa niambie ukweli, mama. Mulikuwa munakimbia nini?"

"Hakuna. Tunakimbia asubuhi kabla ya kazi. Kwa afya. Na kwa furaha."

"Hakuna anayewafuata?"

"Hakuna."

"Na munarudi kwa nyumba ileile?"

"Ileile."

Aliliwaza hilo. Nilijua haniamini, na sikumlaumu. "Mimi," akasema, "tangu nizaliwe sijakimbia nikarudi nikakuta nyumba vile niliiacha."

Tulirudi tukitembea, wanawake wengine wakatoka mmoja mmoja kwenye majani, wakatufuata kwa mbali. Feza alipofika kwake alisimama mlangoni. Hakuingia. Alianza kuhesabu kwa kidole: "Sufuria iko. Jembe iko. Mukeka iko. Kuku..." Akageuka, kuku walikuwa nyuma yake wanadai chakula. "Iko," akasema. Halafu akakaa kizingitini, akalia kwa sauti, na mimi nikakaa kando yake. Muuguzi akaja, akamgeuza mtoto huku na huku, akasema ni mzima: apewe ziwa, afunikwe vizuri.

Kurse

Mchana wenzetu wa baiskeli wakafika na matusi juu ya mzee wa mtumbwi. Tukawaambia wanyamaze, tutawaeleza. Papa Kalonda akatangaza kwamba siku ile mwenye kulitaja neno kukimbia ataosha vyombo vya watu wote. Sefu akaitikia kabla ya wengine: "Kurse, Papa. Kurse!" Akamwomba Dunia msamaha mbele za watu. Dunia akampa mkono, lakini uso aliugeuzia pembeni, na sawa.

Filimbi ikalia. Njia ilitoka kanisani, ikapita soko, ikazunguka shule na kurudi. Wanawake wa Wamaza walikimbia na vitenge, wengine miguu mitupu, na walikuwa na mbio kweli. Lakini walinikera. Kila hatua chache, aliye mbele yangu anageuka na kunitazama. Wa kando yake pia. Nikafikiri wanaucheka mkimbio wangu. Nikajiangalia kama kitenge kimefunguka. Hakikufunguka.

Tulipozunguka shule nikatambua. Hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanatazama njia. Wote, wazee kwa wasichana, mbio zikiwa za kucheka, wali ukiwa unawangoja mbele, shingo zilikuwa zinageuka zenyewe. Miguu yao ilikuwa haijui kukimbia kwingine.

Aliyekuwa mbele yangu ndiye yule mama mzee kidogo aliyetupa kifurushi asubuhi, wanamuita Mama Riziki. Aligeuka, aligeuka tena. Na pale kwenye kona ya mwisho, jirani zake Feza walikuwa wamemtandikia mkeka kivulini. Yuko na mtoto ziwani, kitenge changu kimewafunika wote wawili. Alipotuona akanyoosha shingo, akapiga kelele mpaka mtoto akashtuka:

"Mama Riziki! Usigeuke! Nyuma hakuna kitu!"

Waliokuwa pembeni wakacheka, wakayadaka maneno yale, yakawa kama wimbo. "Usigeuke! Nyuma hakuna kitu! Nyuma hakuna kitu!"

Mama Riziki aligeuka mara moja tu tena. Aliangalia vizuri, kama mtu anayekagua chumba. Akacheka, akatazama mbele, akaenda zake. Nyuma yake nilikuwa mimi tu, Mama Mashaka wa Kasongo, nikihema.